Kilio Changu na Ukimya wa Kaka

Jumamosi. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye vyombo.

Asubuhi binti yangu alilia. Rafiki zake wa kidato cha pili wamemtoa kwenye grupu lao la simu. Nyumba nzima tukamzunguka kumbembeleza. Kaka yake naye wiki hii hajaenda mpirani na wenzake. Nilimuuliza kwa kupita tu, akajibu, "Nimechoka tu, mama." Nikaendelea kufagia. Halafu nikasimama, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa kaka yangu, kule kijijini kwetu Mungaa.

Wewe uliyekulia kijijini unajua, ndoo ikijaa maji unahitaji mwenzako akutwike. Mwaka ule wa ukame, tukiwa darasa la saba, wasichana wenzangu waliniacha kisimani na ndoo imejaa. Mwalimu alikuwa amenisifu mbele yao. "Jitwike, si una akili wewe!" Wakaondoka wanacheka. Nilifika nyumbani na maji nusu, nguo zimelowa, nalia kwa sauti. Bibi akaacha ungo wake wa uwele, akanikalisha jikoni na kunipa togwa. Kesho yake tulikwenda wote, akanitwika mbele yao, akasema, "Na mimi nina akili, njooni mniache." Hata wao walicheka. Hazikupita siku nyingi wakanirudia.

Kaka tulikuwa naye darasa moja. Jioni alichunga na wavulana wenzake, na kwa kuwa hakupenda kupigana fimbo, walimwita dada. "We dada, karudishe ng'ombe!" Kila mnyama aliyepotea, wa kumtafuta ni yeye. Alirudi miguu imechanika kwa miiba, hagusi ugali. "Nimechoka tu." Bibi huyo huyo akasema mwanaume akichoka alale. Simlaumu, hakuona chozi, na sisi wengine hatukuuliza. Kaka aliacha shule kabla ya mtihani, akapanda treni stesheni ya Itigi, akaenda zake. Hadi leo akipiga simu huuliza habari za mvua, basi.

Sisemi wavulana huumia zaidi. Sijui, niliishia la saba, na huenda mengine nayakumbuka vibaya. Wasichana wale waliniumiza kweli. Ila mimi nilisikika.

Bibi hayupo tena. Kisima kimefukiwa, watu wanachota bombani. Wa kuuliza sasa ni mimi.

Nikamwita kijana tukapige vichwa vya alizeti uani, kutoa mbegu. Alipiga tu mpaka jua likawa la utosi. Sikuondoka. Mwishowe akasema, haniangalii, "Wananicheka sauti, mama. Eti mbuzi." Nikataka kumwambia sauti itatulia, nikajizuia. Nikasema, "Endelea, nakusikia." Akaendelea, kidogo kidogo.

Kesho nitamwita tena, hata alizeti ikiisha.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda. Hakumaliza wake, lakini alikaa nasi mpaka sufuria ikakwanguliwa.