Toroli la Babu

Nilipokuwa mtoto kwetu Machame, mgonjwa wa kitandani hakuruhusiwa kuutazama mlima ukiwa wazi. Wakubwa walisema kilele chake, Kibo, kikijifunua huita, na mgonjwa akikiona ataitika. Niliamini, kama nilivyoamini kila walichosema.

Babu aliugua wakati wa masika, mawingu yameikalia migomba wiki nzima nzima. Hakutaka dawa, hakutaka mtori wa ndizi. Kila asubuhi aliniuliza, "Kumefunguka, mjukuu wangu?" Nami nilimjibu bado.

Siku moja nilikuwa nachota maji mferejini, nikainua macho. Mlima ulikuwa wazi wote, theluji inang'aa, karibu mno. Niliacha ndoo palepale, nikakimbia nyumbani.

"Babu, kumefunguka."

"Nipeleke."

Dirishani kwake ilionekana migomba tu. Ilibidi kufika barabarani. Nikaleta toroli la samadi, nikatandika gunia na blanketi. Shangazi, aliyekuwa akimuuguza, akasimama mlangoni.

"Unataka kumuua baba yangu?"

Mikono sikuitoa kwenye toroli. Babu, aliyekuwa amebaki mifupa, alijikokota akashika bega langu. "Kama mlima unaita, unaniita mimi, siyo wewe," alimwambia Shangazi. "Tupishe."

Barabarani alivua kofia. Alitema mate kidogo kuelekea mlimani, kama wazee walivyobariki, kisha akacheka peke yake. Wingu lilikuwa tayari linapanda kutoka msituni, na muda si mrefu likafunika kila kitu.

"Haya, nirudishe," akasema. "Nina njaa."

Alikula bakuli zima la mtori. Wiki ile ile akafariki, na msibani Shangazi akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyempeleka akaitwe. Maneno yale yaliniuma miaka mingi.

Siku hizi hayaniumi. Babu alikuwa anakufa, tumtoe nje au tumfungie ndani. Walichotaka kumnyima ni ule muda mfupi aliousubiri masika yote, na ningeambiwa nichague tena leo, ningelisukuma lile toroli mbio zaidi.

Sasa Shangazi ndiye aliyelala mgonjwa chumba kile cha Babu. Jana alinipigia simu nikiwa mjini, sauti imekwisha. Aliniuliza habari za watoto, kisha akasema, "Kukifunguka, utakuja?"

Nimepanda Machame leo asubuhi. Mawingu bado yapo, lakini tairi la toroli nimeshalijaza upepo.