Papasi waliotoka kwenye ufuo wa kaka

Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Tatu nilimpoteza kaka yangu, Shomari.

Wakuu, salaam. Mimi si mwandishi, na shule yangu ni ya msingi tu. Naeleza nilichokiona, sizidishi.

Kaka alikaa nje kidogo ya Lugoba, nyumba ya udongo aliyotuachia baba. Tulimwoshea chumbani kwake. Kama ada yetu, tulichimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti, kisha tukalifukia.

Mkewe akakaa eda chumba hichohicho, mkeka wake juu ya udongo ule mbichi.

Haukupita muda, homa kali. Tukampima malaria, hakuna. Ikamwacha yenyewe, akala, akacheka. Kisha ikarudi. Ikaondoka. Ikarudi.

"Usiku ananigusa mguu, shemeji," aliniambia nyuma ya pazia. "Haumi. Asubuhi naona tone la damu."

Dada yetu Mwanaidi hakuficha: "Kaka anamtaka mkewe. Mwacheni aende."

Wakuu, nami niliamini. Shemeji alibaki mifupa, na hakuna aliyethubutu kumtoa edani.

Siku moja bwana mifugo alikuja kuhani. Akasikia habari, akaomba kijiko, shemeji akapisha. Akafukua kando ya mkeka. Vikatoka vidude vya rangi ya udongo, bapa kama mbegu za ukwaju, havina haraka.

"Dada Mwanaidi, marehemu gani huyu mwenye miguu minane?"

Papasi, jamii ya kupe: usiku hunyonya damu na kuacha homa ya kurudirudi. Hukaa ardhini miaka bila kula. Tuliwaamsha wenyewe kwa jembe la ufuo.

Shehe alisema mgonjwa anaruhusiwa kutoka. Hospitali wakampa dawa, homa ikakatika. Aliporudi tukamweka chumba cha pili amalizie eda.

Bwana mifugo aliwapeleka papasi kwa wataalamu. Jibu likarudi. Wanafanana zaidi na wa mashimo ya ngiri kuliko wa majumbani. Wapo wanaosema ni aina moja, wapo wanaosema mbili. Na kwenye ramani zao, huku kwetu hawapo.

Nilichojifunza: homa inayoondoka na kurudi tusimsingizie marehemu. Mwambieni daktari mgonjwa analala wapi.

Wenzangu wa Chalinze, Mapinga na Bagamoyo mjini, mmewahi kuwaona? Semeni ni wapi, wataalamu wanauliza.

Jana waliomba tuangalie na chumba cha pili, ambako hakujachimbwa kitu tangu enzi za baba. Nikafukua kona moja, karibu na shemeji anapolaza kichwa.

Wamo.