Spika Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alipoegesha gari lake la kulala uani kwangu, mtaa wa Ngokolo, niliomba angalau liwe linavuja. Halikuvuja. Lilikuwa basi dogo kuukuu. Alikuwa ameng'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na mapazia ya kitenge. Alizunguka nalo akiuza vitenge minadani, kutoka Kahama hadi machimbo ya Geita, na alipochoka hapo hapo ndipo palikuwa nyumbani. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio sokoni, na mama yetu wa kumtunza. Tangu utotoni yeye alikuwa wa kuondoka, mimi wa kubaki.

"Shikamoo dada. Nimekuletea kazi. Redio ya humu inakoroma tu. Nataka nisikie maneno, hata nikiwa njiani."

"Marahaba. Gari zuri. Hukuogopa rangi nyeupe kwa vumbi la huko?"

"Wewe nawe. Huwezi kusema zuri ukaishia hapo?"

Niling'oa spika mbovu, nikafunga mbili mpya na amplifaya ndogo ya kukuza sauti chini ya kitanda. Godoro lake lilikuwa nene kuliko langu. Nadhani ni hilo godoro lililonimaliza.

Nikueleze, si jambo gumu. Kila spika ina waya mbili, chanya na hasi. Zikiunganishwa sawasawa, spika zote mbili husukuma hewa kwa pamoja. Ukigeuza waya za moja tu, hii inasukuma wakati ile inavuta, na sauti zinalana. Hakuna kinachoungua. Besi, ile sauti nzito, inapotea, na anayezungumza anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Wanaojifunza hukosea hivyo kila siku. Ukikosea usiogope, kurekebisha ni dakika moja. Mimi sikukosea. Niligeuza makusudi.

"Mbona sauti nyembamba?" aliuliza nilipoiwasha, amekaa kitandani.

"Magari ya bati ndivyo yalivyo."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Akaunganisha simu yake na redio, akatafuta kitu. Spika zikatoa kisauti cha mbali, kikavu.

Mama alikuwa anachambua mchele nje ya mlango wa gari. Akainua kichwa. "Nani huyo anaumwa?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Nimekuwa mbu?"

Mdogo wangu hakucheka. Alisikiliza simu sikioni, akarudisha spikani, akanigeukia. "Sasa nitamsikiaje, dada? Mimi ninaye hivi tu, kwa sauti."

Nikasema kuna waya imelegea. Nikaingia uvunguni, nikazigeuza zile waya mbili. Ujumbe ukaanza upya, na sauti ya mama ikajaa gari, nzito, kana kwamba ameketi katikati yetu, akisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Mwangaluka, mwanangu. Umekula? Nimekuota umevaa lile gauni la njano. Rudi nikuone."

Kumbe mama alikuwa anamtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, nikishaondoka kwenda kibandani, kwa simu ambayo mdogo wangu alimnunulia. Mimi niliyekoroga uji wake asubuhi ile ile niliambiwa tu kwamba una mabonge.

"Sasa imekaa sawa?" niliuliza.

"Sawa kabisa, dada. Asante."

"Weka mwingine," nikasema, nikajisogeza nikakaa kwenye godoro lake.