Siku Niliyoshuka Jukwaani

Siku ile siisahau, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa taji la karatasi jukwaani Tanga mjini, nikicheza malkia anayekataa kuozwa kwa nguvu. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa sakafuni. Mara mjomba wangu Athumani, aliyenilea kwetu Mwera baada ya baba kufa, akasimama katikati ya watu.

"Shuka! Mkataa kwao mtumwa!"

Nikashuka. Nikajitanda kanga, nikatokea mlango wa nyuma, watu wakicheka. Kicheko cha watu ni moto, mwanangu. Hukuunguza hata ukiwa mbali nao.

Asubuhi yake Bi Zuhura, mkuu wa kikundi chetu, aliyekuwa akiigiza tangu sijazaliwa, alinikuta nafunga mzigo. Hakunibembeleza.

"Umeshuka kwa kuwa umekosea, au kwa kuwa umeitwa?"

"Nimeitwa, bibi."

"Basi kila mwenye sauti kubwa ni bwana wako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kile kicheko. Nikafungua mzigo.

Mwezi haukupita tukaenda kucheza Pangani, kwenye uwanja wa shule, mchezo uleule. Mjomba akaja. Nilipofika pale malkia anapoikataa posa, akasimama tena, akaniita kwa jina la marehemu mama yangu ili nione haya. Nikavua taji, nikasema mbele ya wote:

"Shikamoo, mjomba. Umenilea, na heshima yako iko palepale. Lakini kazi hii siiachi. Kaa utazame, au nenda salama."

Nikavaa taji, nikaendelea pale nilipoachia. Bibi mmoja wa mbele akapiga kigelegele. Mjomba akaondoka.

Hakuitikia salamu yangu tena mpaka anakufa. Miezi yake ya mwisho nilimuuguza mimi. Nilimlisha uji, naye kageuzia uso ukutani. Nililia msibani kwake kuliko wanawe. Na bado, jukwaa sikuliacha kwa miaka arobaini. Wapemba walivuka bahari kuja kunitazama, na mpaka leo wauza samaki wa Tanga huniita Malkia. Sijuti hata chembe.

Basi, mwanangu, wakubwa waamkie, wauguze, wavumilie. Lakini usikizike kipaji chako ili wao wapate usingizi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, hata ukingo wote ukikuzomea. Mungu akupe kifua kipana na moyo usio na kinyongo. Na wakikucheka, akuzidishie sauti. Amina.