Kapiteni Aliyepandishwa Cheo Jenezani

Walipomleta marehemu Constantin Kapya kutoka chumba cha maiti, binti yake wa kwanza, Laurentine, alilisogelea jeneza, akatazama ndani mara moja, akarudi nyuma akiziba mdomo kwa kitenge. Waombolezaji wakasema uchungu umemzidi. Haukuwa uchungu. Kilikuwa kinyaa. Baba yake, aliyestaafu jeshini akiwa kapiteni, alikuwa amelazwa mle ndani na epoleti za kanali mabegani, zimeshonwa kwa uzi mweupe, haraka haraka, kama mtu anayeziba gunia.

Aliyezishona ni Katongo, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kilio. Uani kwao, Ruashi, mjini Lubumbashi, Katongo alisimamisha turubai, na juu ya lango akatundika bango: KANALI CONSTANTIN KAPYA, SHUJAA WA TAIFA. Chini yake lilifuata jina la mheshimiwa aliyetoa viti, nyama na fulana zenye picha ya marehemu, kwa herufi nene kuliko zile za marehemu. Katongo alikuwa anautafuta ukuu wa mtaa, na mheshimiwa huyo ndiye angemsukuma. Ndugu wa kanali hupewa kiti mbele. Ndugu wa kapiteni aliyekuwa akifagia kanisa, nani atamtambua?

Laurentine, mwalimu wa shule ya msingi, aliyajua maisha ya baba yake kuliko wote waliovaa fulana zile. Kapya alizaliwa kijijini upande wa Kinsevere, akaingia jeshi angali kijana, akapewa ghala la chakula. Kila mtu wa Lubumbashi anaijua meka, bakuli la kupimia unga sokoni, na anajua jinsi muuzaji mjanja anavyoligonga kitako kiingie ndani ili lishike kidogo. Meka za ghalani zilikuwa zimegongwa hivyo hivyo, zote. Kapya alizinyoosha kwa nyundo mbele ya askari, moja baada ya nyingine. Kisha wakubwa wakamletea orodha yenye majina ya askari waliokwisha kufa, ili wapimiwe unga wa bukari, ugali wa kwao, kama wazima. Akayafuta.

"Wafu hawali bukari," aliwaambia.

Kwa maneno hayo matatu alibaki kapiteni miaka kumi na tisa, wenzake wakimpita kama maji yanavyolipita jiwe.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali hata vijiko viliogopa kulia mezani, na mkewe, Mama Léa, alipika maisha yake yote bila kusikia neno "tamu." Lakini kila alfajiri wawili hao walipiga magoti kando ya kitanda, wakasali rozari, na mzee ndiye aliyeanza. Alipostaafu alifundisha katekisimu kanisani na kufagia sakafu baada ya misa. Mtu alipomwonea haya kwa ufagio ule, alijibu kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mkubwa wake hajawahi kumwomba adanganye ndani yake.

Siku hiyo ya maziko, karibu na adhuhuri, mzee mmoja mwenye fimbo alifika langoni, akasoma bango, akageuka kuondoka. Laurentine alimkimbilia. Alikuwa Mwelwa, askari aliyehudumu chini ya baba yake.

"Papa Mwelwa, unaenda wapi?"

"Nimepotea, mwanangu. Natafuta kilio ya Kapiteni Kapya. Hapa banazika kanali fulani. Bakanali miye nabajua, sina machozi yabo."

Laurentine alimshika mzee mkono, akamkalisha kiti cha mbele, kisha akaenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo, Katongo, aliyekuwa akitafuna nyama ya kuchoma huku mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Tonton, toa ile epoleti ya Papa."

"Weye tena? Kamata hii karatasi, njo utasoma maisha yake mbele ya mheshimiwa."

Laurentine aliisoma palepale. Kanali. Mshindi wa vita ambavyo baba yake hakuvikanyaga. Rafiki wa tangu zamani wa mheshimiwa. Aliirudisha.

"Sisomi bongo, uongo mutupu."

Katongo alijifuta vidole kwenye fulana, juu ya uso wa kaka yake. "Haya, sikia muzuri. Maiti iko yetu siye Bena Ngo. Weye unafwataka mama yako, uko Mbushi. Mbuzi haina neno mu kilio ya chui. Enda ukae na bamama!"

Kwa watu wao, kweli, mtoto huchukua ukoo wa mama. Kapya na Katongo walikuwa Bena Ngo, watu wa chui. Mama Léa na wanawe walikuwa Bena Mbushi, watu wa mbuzi. Laurentine akaenda akaketi mkekani. Katongo akashika kipaza sauti, akasoma uongo wake wote hadi mwisho, mheshimiwa akapiga makofi, na fulana zote zikapiga makofi.

Ndipo Laurentine alipochota majivu jikoni, akajipaka usoni, akatambaa kwa mikono na magoti mpaka kwenye jeneza.

"Mee!" alilia. "Meee!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Katongo, kwa pupa yake, alikuwa amesahau jambo linalojulikana hata na watoto: chui na mbuzi ni watani, na mtani msibani husema atakalo, hata kumtukana marehemu. Mfiwa anayekasirika huuaibisha ukoo wake.

"Kapya, chui mubaya weye!" alisema Laurentine. "Ulituchapa! Ulikula bukari ya mama, haukusema hata aksanti! Lakini mwizi haukukuwaka hata siku moja. Leo bandugu yako banakuvalisha ngozi ya chui mwingine. Petro atafungua orodha pa mulango ya mbingu: 'Kanali Kapya? Hayuko humu! Toka, weye jina ya uongo!'"

"Ee, mbuzi anasema!" Mzee Mwelwa alipaza sauti, akigonga fimbo chini.

"Na mbuzi anakulaka kila kitu!" Laurentine akajibu.

Akainama, akauma ule uzi mweupe. Ulikuwa na ladha ya dawa ya maiti. Aliendelea kuuma, bega la kushoto, kisha la kulia, machozi na majivu vikimtiririka pamoja. Mama Léa aliinuka akamshikia nguo ya marehemu isikunjamane.

Laurentine akamkabidhi Katongo epoleti zile. Katongo alizipokea kwa mikono miwili akicheka, kwa kuwa desturi ilimlazimu kucheka. Alicheka kwa meno tu, na kicheko hicho kilimchefua Laurentine kuliko ladha ya uzi. Mheshimiwa alitazama simu yake, akakumbuka mkutano, akaenda zake.

Mwanamke mmoja akamletea Laurentine sahani ya nyama. Aliisukuma kando, akasukutua mdomo kwa maji, akatema nyuma ya nyumba mara tatu, ladha isitoke. Aliporudi alitazama ndani ya jeneza tena, safari hii bila kuziba mdomo. Wakafunika jeneza, na aliyekuwa ndani alikuwa kapiteni.