Vijiti vya Kitambaa Chekundu

Mama yangu alifukuzwa kijijini kwa sababu ya vijiti vilivyooza. Sitanii, ndugu zangu.

Ilikuwa 1993, kijiji kimoja njia ya Mwazye. Mama, Otilia, alipika pombe ya ulezi, na mkono wake haukuwa mchezo. Magunia ya ulezi aliyaloweka mtoni mpaka uanze kuchipua.

Asubuhi moja anavuta gunia, likaja na vijiti vimefungwa kwa kitambaa chekundu.

"Yesu na Maria!" Wanawake waliokuwa wanafua wakakimbia.

Wiki ileile watoto wawili walikufa kwa kuhara. Watu wakajaa uwanjani kwetu.

"Mama Evodia," wakamwita kwa jina langu, "umefunga nini mtoni?"

"Nimevikuta tu, wanangu!" Akamgeukia Cleophas, mwenyekiti wa kijiji. "Baba, nisemee."

Cleophas akatazama chini. "Mimi sijui lolote."

"Mchawi!" wakapiga kelele. Nyumba ikachomwa, vijiti vikatupwa humohumo. Tukakimbilia Kaengesa kwa mama mdogo. Mama hakupika tena, hata kula alikula kwa kubembelezwa. Mwaka haukuisha, tukamzika. Moyo wangu ulikufa siku ile.

Baadaye nikarudi kuchimba mihogo yake. Mtoni nikamkuta kijana wa chuo kikuu, Tadei, kakunja suruali, anapapasa chini ya mawe.

"Dada, hukuona vijiti vyangu vya mwaka jana? Nilivifunga kitambaa chekundu nisivipoteze."

Nikakaa kwenye tope.

Akanieleza: kuna kuvu wadogo mno wanaoozesha miti ndani ya maji. Anazamisha vijiti, anawaacha waote, kisha anawatazama kwa hadubini ajue ni wa aina gani.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamfokea.

"Nilisema, dada! Mwenyekiti ndiye aliyenionyesha hapa. Akasema kina mama atawatangazia mwenyewe."

Cleophas! Biashara ilishakuwa huria, naye alikuwa kafungua duka la bia za chupa, kreti zinatoka mjini, Majengo. Enzi za mama hakuna aliyezigusa. Sasa duka lilijaa.

Nilipomsimulia yaliyompata mama, Tadei alilia kama mtoto. Fungu moja lilikuwa limebaki chini ya jiwe, akaondoka nalo. Siku nyingi baadaye akanifuata Kaengesa: amepata kuvu asiyejulikana bado, anaomba ampe jina la mama.

Nikakataa. Kwa vijiti hivyo mama alishapewa jina moja, linatosha.

Ukiingia kwenye mto wa watu, waambie wanaochota maji. Usimwambie mkubwa peke yake.