Bei ya Mwisho ya Mjomba Shusha

Mjomba wangu ni fundi saa, ingawa mtaani hakuna anayemjua kwa saa. Sifa yake ni kupunguza bei, ndiyo maana wakamwita Shusha. Ukitaka kununua kitanda au jokofu ulimpitia kwanza, naye alifunga kibanda, akavaa koti lake la kijivu na kwenda kumliza mwenye duka. Hakutaka malipo. Alitaka tu usimulie watu.

Silaha yake ni kuondoka. Anataja bei yake, anakataliwa, anashukuru kwa adabu, kisha anatembea polepole, mikono nyuma, bila kugeuza shingo. Hajafika mbali, utasikia: "Mzee, rudi basi tuongee."

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya meno. Naweza kumshika mwanamume mzima akang'olewa jino, lakini muuza nyanya akinitajia bei nalipa na kumshukuru. Kwa hiyo siku nilipotaka gari, nilitafuta duka lililoandika mlangoni: bei moja kwa wote, bila usumbufu. Nikaona pepo ndiyo hiyo. Nikapanga kwenda peke yangu.

"Ununue gari bila kaka yangu?" mama akasema. "Miezi minne sasa hakuna aliyemgongea. Wote wananunua kwenye simu. Na wewe tena?"

Basi tukaenda naye. Koti lilikuwa limepigwa pasi hata inzi angeteleza.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, bei imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Mjomba aliisoma akacheka kidogo.

"Haya binti, hiyo ya kuanzia tumeiona. Ya mwisho?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee wangu," akasema binti wa mauzo.

Mjomba akanitazama kwa huruma, kama kusema binti wa watu kazi bado hajaijua. Akaanza kuchambua. Rangi nyeupe inachafuka. Matairi membamba. Ndani kunanuka plastiki. Binti akakubali yote, akakubali kwa tabasamu, akatuletea na kahawa. Sijawahi kuona mtu akikubali mengi hivyo bila kupunguza hata senti. Mwishowe mjomba akasimama, akashukuru, akanikonyeza, akatoka.

"Anaenda wapi?" binti akauliza.

"Anaondoka."

"Kuna kitu amesahau?"

"Hapana. Anasubiri umwite."

"Nikimwita nimwambie nini?"

Swali zuri. Nilikunywa kahawa yangu nikilitafakari. Kupitia kioo nilimwona akivuka geti, akaipita nguzo ya umeme ya kwanza. Kwenye ya pili akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Nikatia sahihi. Kweli, kama walivyoahidi, bila usumbufu wowote: hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyetoka jasho. Mimi tu ndiye niliyeona aibu, kwa sababu mwanamume yule alikuwa akitembea kwa ajili yangu na mimi nilikuwa napokea funguo.

Nilipotoka na gari alikuwa kwenye nguzo ya nne. Hajawahi kufika nguzo ya nne maishani mwake. Mabega ya koti yalikuwa yameshuka. Nikapunguza mwendo, nikateremsha kioo.

"Mzee," nikasema, "rudi basi tuongee."

Akaenda hatua mbili zaidi, kama inavyotakiwa. Kisha akageuka. Akaliangalia gari, akaziangalia funguo zikining'inia, akaniangalia mimi. Alielewa kila kitu, nina hakika.

"Mwisho ngapi?" akauliza.

"Sema wewe."

"Nusu."

"Chukua."

Akazunguka, akaingia, akalinyoosha koti lake asilikalie. Kwenye taa za kuongozea magari nikasimama.

"Umekubali haraka mno, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana sikutaka uje peke yako."